Matroni Hakukubali Mara ya Kwanza

Katika miaka yote niliyofanya kazi na Matroni, hakuwahi kukubaliana nami mara ya kwanza. Nikipendekeza tusogeze saa ya chai, alisema hapana. Nikimwambia mvua inakuja, aliutazama mlima, akaliona wingu lilelile nililoliona mimi, kisha akasema tungoje kwanza. Wenzangu wa mashirika mengine pale Kasese walinionea huruma, na mimi mwenyewe nilijionea huruma kwa muda mrefu. Leo nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni ahueni, ile ya mtu aliyetaka kupita kwenye daraja bovu akashikwa mkono na mwenye kulijua.

Alikuwa mlezi mkuu wa nyumba ya watoto iliyokuwa chini ya shirika letu, mjini Kasese, si mbali na reli ya zamani. Kila mtu alimwita Matroni: watoto, mpishi, mwenyekiti wa bodi, hata mchungaji wake. Mlinzi wa getini, ambaye aliwahi kuwa askari, alimwita afande, na alisimama wima alipomwita hivyo. Jina lake nalijua vizuri, nimeliandika kwenye fomu nyingi, lakini nikilitumia hapa nitahisi ninamsema mtu mwingine.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea haraka kuliko watu wenye miguu mirefu. Kwenye njia za mlimani alivua viatu, akavibeba mkononi, akapanda pekupeku. Akikaribia nyumba ya watu alisimama, akapangusa miguu kwa majani, akavaa viatu, akakaza kitenge chake, ndipo akapiga hodi. Nilimwuliza siku moja kwa nini asivae viatu njia nzima. Alisema viatu ni vya kuwaheshimu watu, mawe hayana habari.

Chai yake aliinywa bila sukari, lakini kikombe chako alikitia vijiko viwili bila kukuuliza. Watoto aliwahesabu kwa kuwagusa kichwani, asubuhi na jioni, na akikosea alianza upya. Sikuwahi kumsikia akimsifu mtoto. Aliwafokea kwa sababu ya kandambili zilizotupwa, kwa sababu ya pua, kwa sababu ya sabuni iliyoachwa kwenye maji. Nao walimwogopa kwelikweli, na kila walipoumia walikimbilia kwake, wakiwapita watu wazima watatu wenye sauti laini kuliko yake.

Akiwa na hasira aliimba. Hakutoa maneno, aliuvumisha tu wimbo wa kanisa puani huku akikunja mashuka. Tulijifunza kuipima siku kwa wimbo huo. Kukiwa kimya, tulijua mambo ni sawa.

Mimi nililetwa Kasese kutoka ofisi yetu ndogo ya Bwera, karibu na mpaka, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nina shahada na barua iliyosema mimi ndiye msimamizi mpya. Kazi niliyopewa ilikuwa moja. Serikali ilikuwa inataka watoto walelewe na ndugu zao badala ya kukaa kwenye vituo, wafadhili wetu walitaka hivyohivyo, na bodi ilikuwa imekubali. Nyumba ifungwe katika mwaka mmoja na nusu. Watoto warudi kwa watu wao, Kyondo, Mahango, Kabatoro na kwingineko, na wafanyakazi wote kumi na wanne wageuke kuwa watu wa kuzitembelea familia. Niliuamini mpango ule, na bado ninauamini. Nilikuwa nimeona vijana waliokulia kwenye vituo wakitoka humo wakiwa watu wazima, hawamjui hata shangazi mmoja.

Mkutano wa kwanza niliuandaa kwa wiki mbili. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikachora visanduku na mishale. Niliongea Kiingereza, nikidhani Matroni hakifahamu sana, na nikapanga kumweleza baadaye kwa Kiswahili. Nilipomaliza niliuliza kama kuna maswali. Watu walitazama sakafu. Matroni akainua mkono.

"Hii karatasi yako iko na batoto ngapi?"

Nilimwambia thelathini na wawili. Akainuka, akaisogelea karatasi, akaifuata mishale kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Sibaoni," alisema, akarudi kukaa.

Baada ya hapo kila mtu alisema ndiyo madamu, na hakuna kilichofanyika. Mtu anayepinga kwa maneno ningejua la kufanya naye, lakini hawa waliitikia. Fomu za kuwatafuta ndugu ziliishia njiani. Dereva aliumwa mgongo kila siku ya safari ya mlimani na akapona kila siku ya safari ya mjini. Mpishi, ambaye fomu hazikumhusu hata kidogo, alianza kupika vizuri kuliko zamani, sombe ya majani ya mihogo yenye karanga, samaki katikati ya wiki, kana kwamba anawaonyesha watoto watakachokikosa. Afisa wetu wa ustawi, msomi kama mimi, aliniletea ripoti za safari ambazo nilikuja kugundua hazikufanyika. Na mafaili ya watoto yalikuwa chumbani kwa Matroni, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Nikimwomba mafaili, aliniletea moja. Kesho yake akaniletea jingine.

Nilifanya yote niliyofundishwa chuoni. Niliita semina juu ya faida za mabadiliko. Nilibandika ratiba. Niliandika barua tatu za onyo. Matroni aliiita mikutano yangu kanisa, kwa sababu, alisema, mutu moja anasema na bengine banaitika amina.

Kisha wafadhili wakamtuma mgeni, mama mmoja mpole kutoka ng'ambo, aliyetaka kumsikia Matroni mwenyewe. Nilikaa katikati kutafsiri. Matroni aliongea kwa muda mrefu, kwa utulivu. Alisema ofisi imewageuza watoto kuwa mizigo ya kupunguzwa, na kwamba msimamizi mpya ana mbio za mtu anayekimbizwa. Nilimgeukia mgeni, nikasema kwa Kiingereza kwamba Matroni anashukuru kwa ugeni huu, ila ana wasiwasi kidogo juu ya muda.

Matroni alinitazama. Halafu akasema, kwa Kiingereza safi cha mtu aliyesomeshwa na masista, kwamba hivyo sivyo alivyosema. Akayarudia yote mwenyewe, bila kupunguza hata ile sehemu ya mbio.

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile watu wa ofisini walikuwa wakisemezana Kiingereza mbele yake wakidhani hasikii. Alikuwa amesikia kila kitu, pamoja na niliyoyasema mimi juu yake. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakutuambia, alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Hapo ningeweza kumchukia, na nilijaribu. Lakini ulifika mwezi wa Ramadhani. Kwetu sisi ni Waislamu, baba yangu alikuwa na malori mawili ya kubeba kahawa kati ya mpakani na Kasese, na Matroni akitaka kunikumbusha kwamba mimi ni mdogo aliniita mutoto ya Hajji. Mwezi ule tulikuwa hatuzungumzi zaidi ya salamu. Hata hivyo kila jioni, kabla sijafunga ofisi, nilikuta mezani chupa ya uji wenye tangawizi na bakuli la ndizi lililofunikwa kitambaa. Siku ya tano nilikwenda jikoni kumshukuru mpishi. Mpishi akasema si yeye, ni Matroni, anapika mwenyewe baada ya kazi yake kwa sababu anasema nitadondoka njiani. Nilimfuata kwenye kamba ya nguo kumshukuru. Hakuacha kuanika.

"Ninagombana na kazi yako," alisema. "Njaa yako haijanikosea."

Mwezi uliofuata wafanyakazi waliandika barua kwa bodi wakitaka niondolewe. Watu kumi na mmoja walitia sahihi. Barua ilisema ninatumia gari la shirika kwa biashara ya baba yangu, na kwamba nafunga nyumba ili ardhi iuzwe kwa ndugu zangu. Mwenyekiti aliniita, akanisomea, akasema bodi itakaa baada ya wiki mbili. Nilirudi ofisini. Sikuwa nimewahi kuitwa mwizi. Nilijua bila shaka yoyote aliyeiandika ni nani, na nilianza kutunga barua ya kumwachisha kazi.

Nilikuwa kwenye mstari wa pili Matroni alipoingia. Hakukaa. Alisema amesikia barua imefika. Alisema yeye hakutia sahihi, na akaniambia nisifurahi.

"Si sababu nakupenda. Barua inasema wewe ni mwizi, na wewe haiko mwizi. Wangeandika kwamba hausikilizi mutu, ningesaini ya kwanza, na jina langu lote."

Alipofika mlangoni akaongeza kwamba ameshamwambia mwenyekiti hivyohivyo, jana, kwa mdomo wake.

Nilibaki na ile karatasi mbele yangu. Nilikuwa karibu kumfukuza mtu pekee aliyenitetea. Sikumaliza kuiandika. Baada ya muda nilimfuata bwenini, nikamwomba aniambie ni nini nisichokisikia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Kasese sikuwa na karatasi mkononi.

Aliniambia kesho nivae viatu vya kutembelea.

Tulikwenda Kyondo. Gari tuliliacha barabarani, tukapanda kwa miguu kati ya mashamba ya kahawa na mihogo, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Kila aliyekutana naye alimsalimu kwa Kikonzo, lugha ya huko mlimani, na kumwuliza habari za mtu fulani. Tulifika kwenye nyumba ndogo ya bati ambapo mwanamke kijana, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa anageuza kahawa juani. Alimkumbatia Matroni muda mrefu. Alitupa viti, akatupikia bundu, ugali wa muhogo, na maharage, tukala, tukaongea habari za bei ya kahawa na mtoto anayeota meno. Sikuelewa tulichokuja kufanya. Wakati wa kushuka, Matroni alisimama kwenye kona ya njia akanieleza.

Yule mwanamke alikuwa mtoto wa nyumba yetu. Alipokuwa na miaka kumi, msimamizi wa wakati ule alipata mjomba wake na akaamua arudishwe. Walimpeleka kwa gari, wakakaa saa moja, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kumwona. Yule mjomba alikuwa na mke ambaye hakuwa ameulizwa. Baada ya wiki tatu, asubuhi, Matroni alifungua geti akamkuta mtoto ameketi nje, miguu imevimba. Alikuwa ametembea siku mbili. Karibu mwaka mzima hakusema neno.

"Bakamurudisha na gari," Matroni alisema. "Akarudi na miguu. Mutoto haiko mufuko ya kahawa, unapakia, unashusha."

Alikuwa akiutazama mto ulio chini yetu. Kisha akasema jambo jingine, na nadhani hilo lilimgharimu zaidi. Alisema nisidhani kwamba yeye ni mtakatifu. Anaogopa kwa ajili ya watoto, na pia anaogopa kwa ajili yake. Analala kwenye chumba cha shirika. Nyumba ikifungwa, na chumba kinafungwa. Mpishi naye hivyohivyo, hajui kazi nyingine, anasoma kwa shida, na mimi nimemwambia atakuwa anaandika ripoti. Dereva ana ndugu aliyepunguzwa kazi mahali pengine siku tatu tu baada ya semina juu ya faida za mabadiliko. Yote hayo walikuwa wakiyaongea wao kwa wao miezi sita, na mimi nilikuwa nikichora mishale.

Tulishuka. Nakumbuka nilihisi aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na wepesi. Nilikuwa nimedhani ninapambana na watu wasiowajali watoto. Kumbe tulikuwa tunawaogopea watoto walewale.

Bodi ilikaa, ikanisikiliza, ikamsikiliza Matroni, ikanibakiza. Siku iliyofuata niliwakusanya wafanyakazi uani, bila karatasi, nikawaambia ninajua barua ilisema nini na sitamwuliza mtu yeyote kama alitia sahihi. Nikawaomba waseme wanachokiogopa. Mpishi akauliza, akitazama vidole vyake, kama atafundishwa kuandika au ataachwa. Tuliongea mpaka chakula cha mchana kikachelewa.

Mpango mpya ulitengenezwa na Matroni zaidi kuliko mimi, ingawa yeye alisema ni wangu. Hakuna mtoto anayeondoka kabla ya kutembelewa mara tatu kwa ndugu zake, na mara ya tatu twende bila kuwataarifu. Mke wa mjomba aulizwe peke yake. Anayempeleka mtoto akae naye siku kadhaa, arudi baada ya wiki, arudi baada ya mwezi. Hakuna anayepoteza kazi wala chumba mpaka mtoto wa mwisho atulie. Mpishi awe anakwenda, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani hali mayai na nani hulia akipewa samaki mwenye macho, na ripoti yake ataisema kwa mdomo, mwingine aiandike. Fomu ya mwisho itiwe sahihi na yule aliyemlea mtoto, siyo na msimamizi. Sharti hilo la mwisho lilinikera kidogo, lakini nilikubali.

Mgongo wa dereva ulipona. Mafaili yalihamia ofisini yote kwa siku moja, kwenye toroli. Watoto wakaanza kwenda, mmoja, wawili, na wengi wao walitulia vizuri kuliko tulivyotarajia. Miezi minne ilipita tukifanya kazi kama watu wa nyumba moja, na nikaanza kuamini kwamba mimi na Matroni tumemaliza kugombana.

Halafu ikaja zamu ya Biira. Alikuwa na miaka minane na alikuwa na kifafa. Alitakiwa kunywa dawa kila siku, na akianguka palihitajika mtu wa kumgeuza ubavu na kuondoa kila kitu karibu naye. Ndugu aliyepatikana alikuwa shangazi yake, mfanyakazi wa mashimo ya chumvi kando ya ziwa, upande wa Kabatoro. Matroni alikwenda mara ya kwanza, akarudi ameridhika kiasi. Mara ya pili aliandika kwamba kuna chumba safi, kitanda, godoro na chandarua. Nami, nikiwa na furaha yangu, nikawaandikia wafadhili kwamba mgeni wao akija Alhamisi ataona mtoto mwenye ulemavu akirudi nyumbani. Lilikuwa jambo ambalo mashirika mengine yalikuwa yanasema haliwezekani.

Jumatatu Matroni alikwenda mara ya tatu, bila taarifa. Jumanne nilimwekea fomu mezani. Aliisukuma nyuma.

Nilimwambia watu wanakuja Alhamisi. Alisema anajua. Nilimwambia ametoa maelezo mazuri kwa maandishi yake mwenyewe. Alisema anajua na hilo. Nikasimama, na mbele ya mpishi na afisa wa ustawi nikamwamuru atie sahihi, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu wa umri wake.

Hakuimba. Aliniambia kwamba jana alikuta chumba kitupu. Kitanda, godoro na chandarua vilikuwa vya jirani, viliazimwa kwa siku ya ugeni. Shangazi alikuwa analala juu ya magunia kwa rafiki yake, na anaingia kwenye mashimo ya chumvi alfajiri mpaka jioni. Mtoto angeshinda peke yake kandokando ya maji. Na tusimlaumu yule shangazi, alisema. Alimtaka mtoto, akaogopa tutamnyima kwa sababu ya umaskini.

"Unataka nisaini kitanda ya jirani?"

Niliketi. Niliiona waziwazi picha ambayo nusura niipige Alhamisi ile, na niliona kitakachofuata baada ya gari kuondoka. Kisha nilichukua simu nikampigia mgeni, nikamwambia Alhamisi hatutakuwa na mtoto wa kumwonyesha, na sababu yake. Nilingoja ukali. Badala yake akauliza kama anaweza kuja bado, ili azungumze na aliyegundua. Nilimwomba Matroni radhi palepale, mbele ya waliosikia nikimwamuru. Akaniambia chai yangu inapoa.

Shangazi ndiye aliyetoa njia. Matroni alirudi Kabatoro, akakaa naye kwenye magunia yake siku nzima, na mwisho yule mama akasema ana kaka Mahango, mkulima, ambaye mke wake alimlea mdogo wake mwenye kifafa mpaka akawa mtu mzima. Alikuwa hajamtaja kwa kuhofia kwamba mtoto atakwenda mbali naye. Tulianza upya, safari tatu zote. Safari ya tatu, bila taarifa, Matroni alimkuta yule mke akiwaonyesha majirani jinsi ya kumgeuza mtu aliyeanguka, akimtumia mwanawe kama mfano.

Biira alipopelekwa Mahango, Matroni alikaa siku tano. Siku ya sita aliingia ofisini kwangu na vumbi lake, viatu mkononi. Nilimwuliza mtoto yukoje. Alikaa chini, jambo ambalo hakulizoea. Alisema siku ya kwanza na ya pili Biira alimfuata hata chooni. Siku ya tatu alimfuata mpaka uani tu. Jana Matroni aliinuka akaenda mtoni kuchota maji, akakawia makusudi, na aliporudi alimkuta mtoto anachambua maharage na mama yake mpya, wanaongea.

"Hakunitafuta," alisema.

Akarudia tena neno hilo. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, na hakujifuta. Kisha akavuta fomu, akaomba kalamu, akatia sahihi.

Nyumba ilifungwa miezi minane baada ya tarehe ya mpango wangu wa kwanza. Hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi kwa miguu. Vitanda tulivitoa kwa shule moja ya bweni, na jengo likawa mahali pa akina mama kuleta watoto wao wenye ulemavu mchana kwa mazoezi ya viungo na kurudi nao nyumbani. Mpishi alibaki hapo, na alijifunza kuandika majina ya watoto wote wanaokuja. Matroni alifanya kazi ya kutembelea familia miaka mingine miwili, kisha akasema magoti yamemwambia basi. Alihamia Bwera, kwenye chumba na ua alivyokuwa amejenga taratibu bila kumwambia mtu.

Mara ya mwisho nilipoongea naye kwa kirefu ilikuwa huko Bwera, siku ya soko, miaka michache baada ya yeye kuhamia huko. Nilikuwa nimekwenda kwa kazi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeikimbia ofisi. Shirika letu lilikuwa linaunganishwa na shirika kubwa zaidi. Tungepata mkurugenzi mpya, mwanamume mdogo kwangu kwa miaka minane, na mimi ningekuwa chini yake. Alikuwa ameniita kwenye mikutano mitatu na mara zote nilipata sababu.

Nilimkuta Matroni ameketi kwenye kibanda cha rafiki yake muuza vitenge, watu wakipita na mizigo kuelekea mpakani. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile. Alinisogezea kigoda. Nilimsimulia yote: kijana hajui milima yetu, ana maneno mengi, ametuma michoro, anataka kila kitu kiingizwe kwenye simu. Niliongea kama mtu aliyeonewa. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akikunja kitenge cha rafiki yake ambacho mteja alikifungua na kukiacha.

"Ulimwambia hayo?" aliuliza.

Nilisema bado.

"Unamwambia nini sasa?"

Nilisema ninamwambia ndiyo, kisha siendi.

Matroni alianza kucheka. Alicheka mpaka rafiki yake akageuka kuuliza kuna nini, naye akamwambia kwa Kikonzo, na wote wawili wakacheka, na mimi nikajikuta ninacheka pia, nikiwa nimejishika uso kwa mikono miwili. Mzigo niliokuwa nimeubeba wiki tatu ulianguka hapo kwenye kigoda. Alipotulia alinigusa goti.

"Huyo kijana haiko mubaya bado. Ni mutu ambaye haijaambiwa kitu. Muambie, kabla hajaharibu."

Nilimwuliza, na kama hasikii je? Alisema yeye alingoja miezi sita nimsikie mimi, na alikuwa na umri mkubwa zaidi, na magoti mabaya zaidi. Kisha akaniuliza kama nimekula, na kabla sijajibu alikuwa ameshaagiza.

Tulikula pamoja. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanikumbusha kufunga mkanda, akarudi sokoni bila kungoja niondoke. Sikuwasha injini mara moja. Nilimpigia mkurugenzi mpya simu, nikamwomba tuonane kesho asubuhi. Aliuliza kwa tahadhari kama ni juu ya ile michoro. Nilimwambia tutafika huko, lakini kwanza ningependa kumweleza ninachokiogopa, halafu na yeye aniambie cha kwake. Kisha nikamsikia akishusha pumzi, na akasema, kwa sauti ya mtu mdogo kuliko nilivyomdhania, kwamba asubuhi ni sawa kabisa.